Mlenda wa Vyungu Viwili

Mwaka 1975 mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kikundi chetu cha kusikiliza redio hapa Berega. Sifa zangu zilikuwa mbili: nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na sauti yangu ilifika kwa waliokaa nyuma. Kampeni ya Chakula ni Uhai ndiyo ilikuwa imeingia. Mtindo wake tuliujua tangu Mtu ni Afya ya 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inatayarisha vitabu, Radio Tanzania inarusha kipindi, kikundi kinasikiliza, msomaji anasoma, watu wanajadili na kuazimia la kufanya. Redio ilikuwa ya balozi wetu wa nyumba kumi. Betri tulichangishana, na kila mara kulikuwa na mmoja aliyedai kwamba juzi tu alitoa.

Mambo yenyewe hayakuwa mchezo. Ukame wa 1974 ulikuwa umetuumbua, wengi nchini walikuwa ndio kwanza wamehamishiwa vijiji vipya, na serikali iliagiza nafaka ng'ambo. Mtoto aliyevimba miguu, nywele zikawa nyekundu, hakuwa kitu kigeni machoni petu. Ndiyo maana tulifundishwa chakula kama mtu anavyoelekezwa dawa: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda mwili. Habari ya utamu hakuna aliyeigusa.

Aliyeigusa ni bibi mmoja ambaye hakujua kusoma. Siku hiyo mwalimu aliyetusimamia alisema magadi na kuchemsha mboga muda mrefu huua vitamini. Kina mama wakatazamana. Bibi akauliza, kwa upole kabisa:

"Mwalimu, samahani. Hicho kitabu kimekula mlenda wa nani?"

Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka. Kikao kilichofuata bibi alikuja na vyungu viwili vya mlenda. Kimoja hakikuwa na magadi hata chembe. Kingine alikitia kidogo tu, kile kinachobaki kwenye ncha za vidole viwili, akaongeza karanga za kutwanga, akaepua majani yakiwa bado ya kijani. Alipoinua mwiko, ute ulishuka kama uzi hadi chunguni bila kukatika. Kile cha kwanza akakionja, akanyamaza, akakisukuma kando. "Huu mpeni aliye hoi kitandani, hana nguvu ya kukataa." Cha pili tulikimaliza kwa ugali wa mtama, na mwalimu alirudia.

Fomu ya maazimio haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Niliandika pembeni, kwa kalamu ya risasi: magadi yapunguzwe, karanga ziongezwe, mboga iepuliwe mapema. Nimesoma mengi juu ya chakula tangu hapo, na bado naona bibi yule aliifanya kazi yote ya mhakiki siku ile: alionja, alilinganisha, akatoa hukumu na sababu yake. Vitamini za mwalimu hakuzidharau. Alikataa tu kwamba mtu atakula mwaka mzima kitu kisichomtamanisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Nairobi kazi hiyo ya kuhakiki chakula ilikuwa na mshahara. Kathy Eldon, Mmarekani aliyehamia Kenya 1977, aliandika gazetini na kutoa vitabu vya kuwaelekeza watu mikahawa ya kula. Kwetu magazeti yalijaa bei ya pamba na ziara za viongozi. Ukitaka kujua wapi panalika, ulimuuliza dereva wa lori.

Na madereva walimjua bibi. Kikundi kilipokufa, betri zikiwa zimeadimika, yeye alishuka Magubike, kwenye barabara ya Dodoma, akafungua banda la makuti na mabenchi mawili. Miaka ya 1980 ilipoanza, sembe nyeupe ikawa ya kubahatisha, nchi ikala unga wa njano wa msaada, ule tuliouita Yanga. Wengi waliupika huku wakinung'unika. Yeye aliuchanganya na mtama, akausonga mgumu, akauweka na mlenda ule ule wa karanga. Nilimkuta mchana mmoja akimkemea utingo aliyetaka chumvi kabla hajaonja.

"Onja kwanza, mwanangu. Chumvi haikimbii."