Sanduku la Bibi Harusi Mlangoni mwa Boti

Leo hatuna picha za magauni. Tuna jambo tumelibeba moyoni tangu Julai ya mwaka juzi, na kwa kuwa msimu wa harusi unakuja na wengi wenu mtavuka maji, tumeona tuliseme ingawa linatuaibisha.

Sisi wa duka letu ni watu wa Singida mjini. Tunashona magauni ya harusi na tunauza vitu vya bibi harusi, kuanzia kanga na udi mpaka pini za ushungi. Maji tunayoyajua ni Ziwa Singida na Ziwa Kindai, maji ya chumvi ambayo mtu huyatazama akiwa kando, heroe wakitua anapiga picha, basi. Kuogelea hatukufundishwa. Kwa hiyo Unguja kwetu ni safari mbili, basi la kutwa nzima mpaka Dar es Salaam, halafu bahari.

Safari ile hatukufuata mali. Tulikuwa tunamsindikiza binti wa kwetu aliyeposwa Unguja. Wanawake kumi na wawili, na masanduku mawili ya bati yenye kona za chuma, maana bibi yake alisema mjukuu wake haendi kwa watu na mabegi ya matairi kama mwanafunzi wa bweni. Sanduku moja lilikuwa na vyombo, jingine vitambaa na gauni tulilolishona wiki tatu.

Tuliambiwa mizigo mikubwa inapimwa na kupelekwa sehemu yake. Sisi tukaona gauni litakunjwa vibaya, na vyombo vitavunjwa. Tukawapa wachukuzi hela kidogo, masanduku yakapanda na sisi. Shangazi yake bibi harusi akachagua pa kuyaweka: pembeni ya mlango wa kutokea, mbele ya viti vyetu, "tuyaone."

Baharia mmoja akaja, kijana mpole tu. "Mama, hapa ni njia. Haya hayakai hapa."

Shangazi akamjibu kwamba yeye ni mtu mzima na analijua lililo mzigo na lililo amana. Nasi hatukunyamaza. Tulimwambia kijana asituharibie shughuli, tena mmoja wetu akamwambia maneno ambayo hatutayaandika hapa. Akarudi mara ya pili, akatukuta tumeyakalia. Boti imeng'oa nanga, ana abiria wengine mia wa kuwahudumia. Akayasogeza kidogo kwa mguu, akaenda.

Kwenye televisheni ya boti ilikuwa inaonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi okozi. Hatukuangalia. Tulikuwa tunapiga picha hina.

Julai ni kusi. Nyinyi wa visiwani mnalijua kuliko sisi. Tulipoliacha bara mbali, bahari ikaanza kuinuka, mifuko ya kutapikia ikagawiwa, vicheko vikakatika mmoja mmoja. Tukaanza kusoma dua. Kisha boti ikalala upande, si sana, mabaharia wenyewe wanasema ile si kitu, lakini sanduku la vyombo likaondoka pale lilipokuwa. Liliteleza likajibana mlangoni kabisa, na bibi mmoja asiyekuwa wa msafara wetu, aliyekuwa amesimama akielekea msalani, akawa baina ya sanduku na mlango.

Yule kijana alifika kabla yetu. Aliingiza mkono kulizuia lisimbane bibi miguu, boti ikalala tena, na kona ya chuma ikamsaga vidole viwili kwenye fremu ya mlango. Hakupiga kelele. Alisema "Ya Rabbi" mara moja, akalisukuma kwa bega, bibi akatolewa.

Dakika zile chache mlango ule haukupitika. Ndani tulikuwa wanawake na watoto watupu.

Dada zetu, Unguja na Pemba hamhitaji kusimuliwa na mtu wa Singida. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi, watu wanarudi makwao baada ya Idi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, zikiwa zimebaki siku chache kuingia Ramadhani, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, njia ileile tuliyokuwa tunapita, mwezi uleule wa kusi. Kwenye Ziwa Victoria ni MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Tunapozitaja tunasema nahodha, wenye meli, serikali. Ni haki kusema. Boti iliyojaza hadi mara mbili haikujazwa na abiria peke yake. Ila sisi siku ile tulikuwa tunamgombeza mtu pekee aliyekuwa anajaribu kutulinda.

Hilo la mabaharia hatukuwa tumelifikiria hata siku moja. Wao ndio wanaorushiwa maneno getini, wanaoshika kamba gati likiwa linateleza, na boti ikizama wanatakiwa wawe wa mwisho kutoka. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, fundi wake wa mitambo alipatikana hai ndani baada ya siku mbili. Sisi tulisikia habari ile tukasema Mungu mkubwa, tukaendelea na cherehani. Hatukujiuliza alikuwa wapi muda wote ule wakati abiria wamekaa juu kwenye upepo.

Tulipofika Malindi tulimwona kijana wetu anapokea kamba kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa. Shangazi akamfuata na hela ndani ya leso. Akakataa. Alisema, "Mama, mwakani mkija, mkubali kuambiwa." Shangazi alilia mpaka nyumbani kwa bwana harusi, watu wakadhani analia kumwacha mtoto.

Tangu hapo tumebadilisha mambo dukani. Bibi harusi wa kuvuka maji tunamshonea nguo ya safari, gauni lisiloburura, upindo usiozidi kifundo, suruali ndani, ushungi wa kubana kwa pini mbili ili jaketi okozi livaliwe juu yake bila kufunua nywele. Tumelijaribu wenyewe. Baibui pana lenye mikono ya popo halifai kabisa, mikanda ya jaketi haifungiki. Tunasema hivi kwa sababu tunajua wapo wanaoona haya kulivaa mbele ya wanaume. Stara yako haipungui kwa jaketi la rangi ya machungwa. Gauni la harusi liende na mizigo, na kama litakunjika, pasi ipo Unguja. Pia tunasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, tunalala Dar es Salaam, ukumbi usubiri. Sote tunalijua lile la ngamia na kamba.

Limebaki moja, na hili ndilo limetuchukua muda kuliandika.

Kwenye ule msafara binamu mmoja aliumwa dakika za mwisho. Tiketi ilikuwa tayari, tukamchukua binti wa jirani, miaka kumi na saba, akasafiri kwa jina la yule mgonjwa. Getini tulizishika tiketi zote kumi na mbili kwa mkupuo, tukapita tukisukumana. Tuliona tumeokoa nauli. Spice Islander ilisajiliwa kubeba abiria wapatao 600, na tume ya uchunguzi ikaona waliokuwamo walizidi 2,000. Waliookolewa na miili iliyopatikana havikufikia hesabu hiyo. Waliobaki walitafutwa kwa majina, na wengi majina yao hayakuwa yameandikwa popote. Sisi wanawake tunajua eda na mirathi vinavyotaka uhakika.

Binti yule sasa anasoma ushonaji kwetu. Mama yake huja kila Ijumaa kumletea chakula, anakaa nasi, anasifia mishono. Hajui kwamba kwenye orodha ya boti ile mwanawe hakuwamo. Tumepanga kumwambia Ijumaa hii.