Wageni wa Demani katika Hori ya Mida

Kusi inapolegea na demani kuingia, hori ya Mida, kusini mwa Malindi, huanza kupokea wageni. Huko kaskazini mwa dunia majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Hapa matope yaliyojaa kaa na minyoo yanawangoja ndege kwa maelfu. Wa kwanza hufika Agosti, na wengi hukaa hadi Aprili. Majahazi ya Arabuni yalingoja upepo wa Kaskazi ndipo yateremke pwani hii. Ndege hawa hawaungoji.

Tulikwenda Mida mwezi wa Oktoba, tukiwa na watoto na darubini moja. Atakaye kutazama ndege hana budi kwanza kuyajua maji. Yakitoka, ndege hutawanyika matopeni, wakaonekana kama punje za mtama. Yakijaa, huwasogeza hatua kwa hatua kuelekea watazamaji. Bamvua, ambayo hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa jua likiwa limeanza kupoa. Kwa hiyo tulichagua siku zetu kwa kuhesabu mwezi. Tulipita juu ya daraja la mbao lililokatiza mikokoni, ambalo ada yake husaidia karo za wanafunzi wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke.

Wageni wawili walitushughulisha zaidi. Wa kwanza ni kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye huanguliwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Wazazi wake hutangulia kuondoka. Makinda hufuata baadaye, peke yao, katika njia wasiyopata kuiona. Mtoto mmoja alituuliza ni nani aliyewaelekeza. Tulimjibu kwamba elimu hiyo wamezaliwa nayo.

Wa pili ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda lake halisafiri peke yake: huja pamoja na wazazi, nao huendelea kulilisha hata huku ugenini. Tulimwona mmoja, wa rangi ya kijivu, akimfuata mkubwa wake huku akililia kaa.

Lakini jioni ile ile tuliona kundi zima likikurupushwa mara tatu na vijana waliotaka picha za karibu. Maji yakiwa yamejaa, ndege hawana pa kulia. Hujikusanya mahali pachache palipo pakavu, wakapumzika. Kila mruko wa hofu huwapunguzia mafuta ya mwilini, ambayo ndiyo akiba yao ya safari ya kurudi. Mikoko nayo ikikatwa ovyo, matope hupungukiwa na majani yanayowalisha kaa, na kaa wakipungua, mgeni wa kutoka Oman hukosa riziki.

Basi wazazi watakaowapeleka watoto wao Mida msimu huu na wawafundishe kusimama mbali, kunyamaza, na kuiachia darubini kazi ya kusogea.