Kruazeti na jina lake

Majina mengi ya nyumbani na ya kazini yalizaliwa kwa kufananisha tu. Mutoto akisikia muungurumo juu, anapiga kelele: "Ndege!", na hakuna mutu anayemukatalia eti haina manyoya. Pale ateliye, fundi anaomba papiyo, na mwenzake anamupa ile ekuru ya mabawa mawili tunayokaza kwa vidole. Hata malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu, jina lake linatoka katika Kiyunani, kwa mumea fulani wenye majani ya kijani. Wayunani waliona jiwe, wakawaza jani. Vizuri, lakini hakuna aliyelipika kama sombe.

Kuko jina moja ambalo halitusaidii namna hiyo: kruazeti.

Unaijua. Ni kipande cha shaba chenye mikono mine kama herufi X. Nyingi zina upana wa santimetre 20 hivi, na uzito wa nusu kilo mpaka kilo moja. Wazee waliiita handa. Wazungu wakaona mikono ile mine, wakasema kwa Kifaransa chao "musalaba mudogo", na jina hilo likashinda.

Matokeo yake nimeyaona katika jamaa moja, walipopata kruazeti katika sanduku la babu yao marehemu. Kijana akasema: "Pasta, unaona? Babu zetu walimujua Yesu mbele ya misioni. Tuitundike kanisani." Shangazi yake akaruka: "Hapana! Hii ni kitu ya wafu, itupwe mutoni!" Kidogo wagombane.

Kila mumoja ana nusu ya haki. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani mwaka 1957 na 1958, na wengine wakaendelea nyuma yao. Kruazeti zilikuwamo kweli. Katika makaburi ya kwanza ziko kubwa, chache, juu ya kifua cha mufu. Katika yale ya nyuma ziko ndogo, nyingi, karibu na mikono na kiuno. Zilikuwa zimekuwa pesa, ndugu! Na mengi ya makaburi yale ni ya mbele ya misioni yoyote kufika. Shaba iliyeyushwa, ikamiminwa katika umbo lake, ikapoa, ikaenda sokoni na kwa mahari. Hakuna alama inayoonyesha kwamba waliotengeneza walikuwa wanawaza Golgota.

Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, iliweka kruazeti tatu katika bendera yake, na mwaka 1961 moja katika sarafu zake. Je, benki ilikuwa inahubiri Injili? Ilikuwa inakumbuka pesa ya wazee.

Basi nikawaambia: musiitundike, musiitupe. Nikaongeza neno kwa yule kijana, sababu ninajua wanunuzi wa shaba chakavu wanavyozunguka kwetu: usiipeleke kwenye mizani, watakulipa kilo tu. Mwulize bibi yako kwanza.

Bibi alikuwa kwenye mukeka, amenyamaza muda wote ule. Akaipokea, akaipima kwa mukono, akaigeuza. Mahari ya mama ya mama yake, akasema, ilihesabiwa kwa vitu hivi. Halafu akamutazama mujukuu wake:

"Na zingine ziko wapi?"