Zefe la Kehancha
Msimu wa tohara ufikapo, aghalabu Desemba shule zikifungwa, mji wa Kehancha katika Kaunti ya Migori hugeuka uwanja wa ngoma. Wavulana wa Kikuria waliotoka kutahiriwa husindikizwa barabarani wakiwa wamejifunika leso, jamaa wakiimba na kuwatuza fedha. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa na zefe za Maulidi, tunaitambua furaha hiyo. Ila humo hupitishwa pia wasichana waliokeketwa, ilhali sheria ya mwaka 2011 imekataza. Tusijione bora kuliko Wakuria: zimo nyumba za Kiislamu zinazokeketa mabinti kwa kisingizio cha dini, na Qur'ani haikuamrisha hayo. Binti ni amana. Mwenyezi Mungu, Mwenye amana, atamuuliza kila mzazi.