Sehemu ya 7: Gauni la sare, mkanda wa tumbo na avata wa mdogo wangu

Nesi wenu nimerudi.

Baada ya sehemu ya 6 swali lililojaa inboksi ni moja tu: "Nesi, tumbo litarudi lini?" Mama mmoja akaniuliza kama anaweza kulala na mkanda wa kubana tumbo usiku kucha, maana ana harusi mwezi ujao na gauni limeshashonwa. Nikaanza kumjibu kinesi nesi, moja mbili tatu. Katikati nikafuta. Nikaona bora niwasimulie yaliyonikuta mwenyewe, kwa sababu mganga hajigangi, na mwenzenu nilifanya ujinga ambao kila siku nawakataza wengine wodini.

Kaeni mkao wa kusoma, ni ndefu kidogo.

Mwanangu wa pili alikuwa na wiki nne. Binamu yangu alikuwa na sendofu, sare ni kitenge cha bluu, gauni la kubana mpaka magotini. Fundi akanipigia: "Dada, nije nikupime?" Nikamwambia asijisumbue, atumie vipimo vya zamani vilivyomo kwenye daftari lake. Vya kabla ya mimba! Nikajisemea nina wiki tatu, nitaingia tu. Nikanunua mkanda wa tumbo, ule mgumu wenye safu tatu za vishikizo, na sidiria ya chuma ya kuinua kifua. Siku ya kwanza nikafunga safu ya kwanza. Wiki haijaisha niko ya tatu.

Sasa hapo ndipo anapoingia mdogo wangu.

Mdogo wangu anaishi Ujerumani, na pembeni ya kazi yake anashona nguo. Ila hashoni kwa cherehani. Anashona kwenye kompyuta, nguo za kuvaa watu wa kwenye Second Life. Kwa wasioijua, Second Life ni dunia ya kwenye intaneti iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Unaingia, unapewa mwili wako wa kompyuta, wanauita avata, unatembea, unacheza muziki, unanunua kiwanja, unavaa. Wana hela yao, dola za Linden, na watu wanauza na kununua nguo humo kama Kariakoo tu.

Usiku saa nane nikiamka kunyonyesha, kule kwake ni saa sita au saa saba, na yeye hajalala. Akaniambia, "Dada, kwa kuwa uko macho, nisaidie kujaribu gauni." Alikuwa ametengeneza gauni la kitenge la avata, anataka mtu alivae, atembee, acheze, amwambie kasoro. Basi laptopu ya baba watoto mezani, mtoto kwenye ziwa la kushoto, mkono wa kulia kwenye mausi. Mwenzenu nikawa modo.

Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba avata wana fizikia ya mwili. Zamani miili yao ilikuwa mikavu, ukiruka hakuna kinachotikisika, kama sanamu ya dukani. Mwaka 2011 wakaongezewa kitu cha kuvaa kama nguo, lakini hakionekani. Ukikivaa, kifua, tumbo na makalio vinaanza kusogea mtu anapotembea. Kila sehemu ina vipimo vya kuvuta kulia na kushoto: springi inayorudisha nyama mahali pake, ukubwa wa mwitikio, kasi ya kutulia baada ya kutikisika. Vipo hata vya uzito, vya mvutano wa kwenda chini na vya ukinzani wa hewa. Halafu kuna kipimo bosi wao, kinachoamua sehemu hiyo isogee mwisho kiasi gani. Ukikishusha mpaka sifuri, sehemu ile inakuwa gogo, hata mwenye avata arukeruke vipi.

Nikacheka peke yangu gizani. Yaani kuna watu walikaa ofisini wakafanya hesabu ili tumbo litikisike, na mimi huku nimejifunga chuma lisitikisike!

Tatizo likaja kwenye nguo. Nguo za zamani za humo zilikuwa kama rangi iliyopakwa juu ya mwili, mwili ukisogea nazo zinasogea. Mwaka huohuo wa 2011 zikaja nguo za meshi, ambazo ni maumbo kamili yenye mikunjo na pindo, zinazofuata mifupa ya avata. Nzuri sana kwa macho. Ila gauni likifuata mifupa tu na nyama ikatikisika, nyama inatoboa kitambaa. Nikicheza kwaito na gauni la mdogo wangu, kila hatua tumbo linachungulia nje katikati ya maua ya kitenge, linarudi, linachungulia tena. Aibu!

Mdogo wangu akanifundisha dawa za haraka. Ya kwanza ni kuvaa alfa, kitu kinachofanya sehemu ya mwili iliyo chini ya nguo isionekane kabisa. Ya pili ni kunakili ile fizikia, nakala moja kwa kila nguo, uzipe majina. Ya dera iache laini. Ya koti gumu punguza kifua mpaka sifuri, maana ndani ya koti hakuna kinachoning'inia. Ukiihifadhi kwenye fungu moja na nguo yake, ukivaa nguo inakuja na fizikia yake. Akili, eti?

Basi kwa gauni la kitenge nikavuta tumbo sifuri, makalio sifuri, kifua karibu na sifuri. Gauni likakaa kimya, linang'aa, halina hata mkunjo. Nikampigia picha, nikamtumia: "Limekaa!" Kila usiku nikawa hodari zaidi. Ngozi ikichungulia tu, napunguza mwili.

Na asubuhi nikiamka nafanya hivyohivyo kwangu. Chai kavu, mchana nusu sahani, mkanda safu ya tatu. Nimenyonyesha, nina njaa inayouma, najiambia vumilia. Sikuona uhusiano wowote.

Siku ya Alhamisi, wiki ya tano, nikaamka titi la kulia lina uvimbe mgumu, ngozi nyekundu, ya moto, palepale chuma cha sidiria kinapokandamiza. Jioni natetemeka kama mwenye malaria. Nikajipima: 39.2. Nikajua ni nini. Wapendwa, nilijua, na bado nilikaa saa nzima naona aibu kwenda kazini kwangu nikiwa mgonjwa wa ugonjwa ninaoufundisha.

Baba watoto ndiye aliyenibeba. Sista mwenzangu wa zamu akanifungua blauzi, akakuta mkanda. Alama nyekundu za vishikizo mgongoni kama ngazi. Akaniangalia, hakunisema. Akauliza tu kwa upole, "Dada, huu mkanda umeuvaa tangu lini?" Nikalia. Kuulizwa swali ambalo mimi ndiye huuliza kuliniuma kuliko titi.

Nikatibiwa. Dawa za maumivu, antibiotiki, kitambaa cha baridi, na kuendelea kumnyonyesha mtoto titi lilelile bila kulikanda kwa nguvu. Sidiria ya chuma na mkanda vikaenda kwenye mfuko wa nailoni.

Kesho yake mama yangu akaja. Akauona ule mkanda, akaushika kama anashika panya. "Mwanangu, huu ndio mkaja wenu wa siku hizi?" Mnajua mkaja, ile nguo mzazi anayofungwa tumboni. Mama alinifunga kwa khanga kwa mtoto wa kwanza, na mkono wake ulikuwa unapita kati ya khanga na tumbo. Ilikuwa ya kunishika nisijisikie mtupu ndani, siyo ya kunibana. Akanikumbusha kwamba kwenye mahari ya binamu, wiki chache nyuma, upande wa bwana harusi walimletea shangazi mkaja wake. Ni heshima ya lile tumbo lililombeba bibi harusi. "Tumbo linalipiwa heshima," akasema, "wewe lako unalifunga kama mwizi."

Sikuwa na jibu.

Usiku ule mdogo wangu akapiga simu. Nikamweleza yote, nikamtania kwa uchungu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha: nguo haikai, punguza mwili. Akanyamaza. Halafu akasema kitu sijakisahau.

"Dada, ile sifuri haikuwa dawa. Gauni langu lilikuwa limeshonwa vibaya. Mimi nililifunga kwenye mifupa peke yake, nikasahau kulifunga kwenye nyama. Ukipunguza mwili ulikuwa unanifichia kosa langu."

Akanieleza kwamba tangu mwaka 2014 kuna meshi za aina nyingine, ambazo mshonaji akizifunga vizuri zinafuata na nyama pia: tumbo likiongezeka gauni linaongezeka, likitikisika gauni linatikisika nalo. Ni kazi zaidi kwa mshonaji, kila sehemu ya kitambaa lazima uipangie itafuata nini na kwa kiasi gani. Yeye alikwepa kazi hiyo, akaniachia mimi nivute vipimo. Koti gumu, sawa, lishushie sifuri, avata hana maziwa wala kidonda. Lakini gauni la kuchezea sendofu linatakiwa lijue kuna mtu ndani.

Nikakata simu, nikamtumia fundi wangu meseji saa tisa usiku: "Kaka, samahani, vile vipimo si vyangu. Njoo unipime."

Alikuja Jumamosi. Akapima bila maneno, akaandika namba mpya chini ya zile za zamani. Kumbe alikuwa ameacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, maana alijua nimejifungua na hakuniamini! Akaachia mishono, akaongeza kipande cha kitenge kilekile kila upande, na mbele akaweka zipu ili nimnyonyeshe mtoto bila kuvua gauni zima. Shilingi elfu kumi na tano. Hiyo tu.

Nilienda sendofu. Tumbo lilionekana? Lilionekana. Nilicheza, likatikisika, gauni likatikisika nalo. Shangazi mmoja akasema "umenenepa", nikamjibu "nimezaa, shangazi", tukacheka, tukaendelea kula pilau. Nilikula sahani mbili.

Sasa mama yangu uliyeniuliza, haya ndiyo majibu yako.

Ukitoka kujifungua, mfuko wa uzazi unakuwa karibu na usawa wa kitovu. Unashuka siku hadi siku, na kufikia wiki ya 6 hivi unakuwa umekaribia ukubwa wake wa zamani. Ngozi na misuli vinachukua miezi, na kwa wengine havirudi kama vilivyokuwa. Siyo uvivu wako. Kama misuli ya katikati imeachana na baada ya wiki 8 bado unaona tumbo linatokeza ukijiinua kitandani, njoo kliniki tukuangalie, kuna mazoezi yake.

Mkanda haurudishi tumbo. Kama umefanyiwa upasuaji na hospitali imekupa mkanda wa kushikilia mshono, huo ufuate ulivyoelekezwa. Lakini wa dukani wa kukubana mpaka pumzi ikate, usiku kucha, hapana. Unasukuma shinikizo chini, kwenye misuli inayoshika kibofu na mfuko wa uzazi, ambayo ndiyo kwanza imetoka kazini.

Sidiria iwe laini, isiache alama. Usijinyime chakula: anayenyonyesha anahitaji zaidi, kama kalori 500 juu ya za kawaida kwa siku. Na titi likiwa jekundu, la moto, na una homa, usikae na aibu yako saa nzima kama mimi. Endelea kunyonyesha, na uende kituoni siku hiyohiyo.

Kuhusu gauni la harusi: mpigie fundi leo. Mwezi mmoja unamtosha kabisa.

Mdogo wangu alilishona upya lile gauni la avata, lilimchukua karibu mwezi mzima. Akanipa la kwanza bure, na avata yangu akairudishia vipimo vyote vya tumbo. Siku mojamoja mtoto akinikesha huwa naingia kucheza kidogo. Linatikisika vizuri.

Sehemu ya 8 ni ya kina baba: wiki sita za kwanza, unafanya nini ndani ya nyumba zaidi ya kuuliza chakula kiko wapi. Mtag mumeo.

Nesi wenu.