Msiwalipe wasanii wa kijiji kwa soda

Najua wengi mlitarajia leo niendelee na somo la kukausha na kuhifadhi mpunga. Somo hilo lipo, litakuja. Leo naomba niandike jambo lililonikaa moyoni tangu msimu uliopita, nalo linahusu kikundi cha maigizo na ngoma cha hapa kwetu Idete. Usiseme hayo ni mambo ya Afisa Utamaduni, mkulima hayamhusu. Soma hadi mwisho, kisha useme.

Nianze kwa kukiri kwamba kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Nilipoanza kazi hapa nilikuja na stashahada yangu ya kilimo, buti za mvua na daftari lenye masomo yote. Nikaitisha mikutano. Nikafundisha kupandikiza mpunga kwa mstari, sentimita 20 kwa 20. Nikafundisha kukausha mpaka unyevu ufike asilimia 14. Nikafundisha ubaya wa lumbesa na kwamba Sheria ya Vipimo inaikataza. Wanaume walikaa mbele wakiangalia simu. Akina mama walikaa nyuma kabisa, wengine wananyonyesha, wengine wanachambua mboga. Nikimaliza nauliza, "Kuna swali?" Kimya. Siku moja mzee mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi. Akauliza kama mbolea ya ruzuku imefika.

Msimu ukaisha, mpunga ukatoka, na lumbesa ikaendelea mbele ya macho yangu. Gunia linajazwa mpaka shingoni, linavalishwa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na bei ni ileile ya gunia moja.

Kijijini kulikuwa na kikundi cha watu 10: akina mama wanne, vijana watano, na mzee mmoja wa ngoma. Kikundi hiki kilikuwa kinaitwa kwenye harusi, kwenye mapokezi ya wageni na kwenye sikukuu za shule. Mimi mwenyewe niliwaona mara nyingi nikawa nawachukulia kama watu wa kuchangamsha mkutano kabla ya hotuba. Dada mmoja wa kikundi, aliyekuwa hodari wa kuigiza kuliko wote, ndiye aliyenifuata ofisini. Akasema, "Bwana Shamba, samahani, maneno yako ni mazuri ila unayasema kama unasoma tangazo. Tuachie sisi hiyo lumbesa."

Nikawaachia. Wakafanya mazoezi siku tatu, kisha siku ya nne wakacheza uwanjani jioni, ngoma imeshaita watu.

Igizo lenyewe lilikuwa jepesi. Dalali anafika kwa bodaboda na magunia yake matupu. Mkulima anajaza. Dalali anasema, "Bado, shindilia." Mkulima anajaza. "Bado." Mwishoni mkulima mwenyewe anapandishwa juu ya gunia ashindilie kwa miguu, na dalali anakisia kama na mkulima naye anaweza kushonewa humo. Watu walicheka mpaka wakalia. Halafu mzee akapiga ngoma pigo moja, waigizaji wote wakasimama kama sanamu. Yule dada akageuka kwa watazamaji akauliza: "Jamani, huyu mkulima afanye nini?"

Pale ndipo nilipojifunza kazi yangu upya.

Mama mmoja, ambaye kwenye mikutano yangu yote sijawahi kusikia sauti yake, alisimama akasema kwamba igizo limekosea. Mkulima hawezi kukataa lumbesa kwa sababu mpunga ule si wake tena. Umeshauzwa tangu ukiwa shambani, mwezi wa kwanza, watoto wanataka sare na daftari na palizi inataka vibarua. Pesa ililiwa zamani. Dalali hajaja kununua, amekuja kuchukua mali yake. Akaongeza, bila kumtaja mtu, kwamba wengine wanauza hivyo bila mke kujua. Akina mama wakapiga vigelegele. Wanaume wakaangalia chini.

Kisha akasimama mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa, mtu anayeheshimika. Nilidhani atagomba. Akasema yeye naye akipeleka gunia la kawaida mjini, mnunuzi wa huko anamwambia hajajaza. Hasara inakuwa yake. Akasema, "Mnaniigiza kama mwizi, na mimi ninaibiwa mbele ya safari."

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimefundisha kuhusu lumbesa misimu miwili bila kujua mambo haya mawili. Nilidhani tatizo ni watu kutojua. Kumbe watu walikuwa wanajua kuliko mimi. Jioni ile wanakikundi walirudia igizo mara mbili. Kila mwenye wazo aliitwa kuingia kucheza nafasi ya mkulima, tuone wazo lake linafika wapi. Mmoja alikataa kuuza, akabaki na mpunga na deni. Mwingine akaenda na jirani zake watano pamoja, wakaleta mizani, na dalali akalegea. Hilo la mwisho ndilo lililobaki vichwani. Msimu uliofuata kaya kadhaa zilikusanya mpunga sehemu moja na kuuza kwa kilo. Sisemi lumbesa imekwisha Idete, nitakuwa nadanganya. Nasema kuna watu ambao sasa wanauliza mizani kwanza.

Fanya hesabu mwenyewe. Ukiuza magunia 20, na kila gunia limebeba debe moja la ziada, umetoa debe 20 bure. Kama gunia lako la kawaida ni debe 6, hayo ni magunia 3 na debe 2. Hayo ndiyo mazungumzo ya jioni ile yalikoa kwa waliosikia.

Baadaye niligundua kwamba njia hii si ngeni nchini. Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthiliya za Hatia na Nguzo Mama, ni mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Morogoro. Miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, ikiwemo Malya mkoani Mwanza na Mkambalani hapa Morogoro. Hawakwenda na igizo lililoandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao shida zao, kisha wanakijiji wenyewe wakazitengenezea maonyesho kwa ngoma, ngonjera na michezo wanayoijua, wakaonyesha na kujadili. Mwaka 1996 ukaanza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, wasichana wakitumia sanaa kusema yanayowazuia kusoma. Jina lenyewe linajieleza. Fikra ni ileile ya jioni yetu: mwenye shida ndiye anayeijua, ila anahitaji mahali pa kuisemea bila kunyooshewa kidole. Mama yule asingeweza kusimama kwenye mkutano wangu aseme mume wake ameuza mpunga shambani. Alisema "yule mkulima wa kwenye igizo," na kila mtu akaelewa.

Sasa nije kwenye kosa.

Baada ya igizo niliwapa kikundi kreti moja ya soda na asante nyingi. Nikawaita tena kwenye mbegu. Soda. Nikawaita kwenye viuatilifu. Soda. Nikaandika taarifa nzuri ya robo mwaka, nikasifiwa. Ikakaribia Nane Nane, nikataka waende uwanja wa Mwalimu Nyerere pale Morogoro mjini. Nikawakusanya nikawaambia nauli na chakula vipo, posho hakuna, lakini ni kwa maendeleo ya kijiji chetu.

Mzee wa ngoma alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Mwanangu, wewe ukisema habari za mpunga unalipwa mshahara. Sisi tukisema habari zilezile tunalipwa soda. Na watu wanatuelewa sisi."

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Nimekuelewa, mzee." Hawakwenda. Mwezi uliofuata ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka na hakuna aliyeitengeneza. Yule dada aliyenifuata ofisini alikwenda Ifakara kufanya kazi kwa mama lishe, na hajarudi. Kikundi kilichofanya kazi ambayo mimi nilishindwa misimu miwili kilikufa kimya kimya, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokiua.

Nilikaa nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzo. Watu 10, mazoezi siku 3, onyesho siku 1. Hizo ni siku 40 za kazi. Wewe mkulima, mwenye shamba akikuita watu 10 mpalilie siku 4, kisha akaleta kreti ya soda, ungerudi mara ya pili? Sisi tulifikiri kwa kuwa wanacheka na kucheza, basi hawafanyi kazi.

Nikaenda nyumbani kwa mzee. Nikampa shikamoo, nikaomba radhi. Hakunilaumu. Alinionyesha ile ngoma imelala uvunguni. Tuliitisha kikao kidogo na wafanyabiashara, mtendaji wa kijiji na waliobaki kwenye kikundi. Ngozi mpya ikanunuliwa kwa mchango. Wamebaki sita. Wameongeza vijana wawili. Wameanza upya, wala si rahisi.

Kutokana na hayo, naomba nikuachie ushauri.

Kwako mkulima. Kikundi kikicheza kwenu, changia. Si lazima fedha. Wakati wa mavuno, debe moja la mpunga kutoka kila kitongoji ni mfuko wa kutosha kuanzia. Na usimzuie binti yako kushiriki ukisema ngoma ni uhuni, halafu jioni ukaenda kutazama binti wa mwenzako.

Kwako mfanyabiashara, mwenye duka au mwenye mashine ya kukoboa. Siku ya onyesho unauza maji, soda, vocha na maandazi kuliko siku tatu za kawaida. Toa sehemu ya faida hiyo kabla ya onyesho, wala usisubiri kuombwa. Ila kumbuka jambo moja: ukilipa onyesho, usilipie na jibu. Kuna muuza pembejeo aliyewahi kugharamia igizo kwa masharti kwamba mwisho wake usifie dawa yake. Watu waligundua kabla halijafika katikati, na kwa muda mrefu hawakuamini igizo lolote.

Kwetu watumishi na viongozi. Ukiandaa bajeti ya mafunzo, andika mstari wa wasanii kama unavyoandika wa mafuta ya pikipiki. Kama fedha ni kidogo, waite mara moja kwa mwaka na uwalipe, kuliko mara nne kwa soda. Na uwaite mapema, wachunguze jambo wenyewe. Usiwape karatasi wakariri.

Kwenu wanakikundi:

1. Jisajilini. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Utamaduni wa halmashauri. Ndiye atakayewaelekeza taratibu za BASATA.

2. Fungueni akaunti ya kikundi na muwe na katiba, hata ya kurasa mbili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ule ni mkopo, si zawadi. Hivyo muombe kwa shughuli inayorudisha fedha, kwa mfano kukodisha viti na spika, ili shughuli hiyo iibebe sanaa.

3. Pangeni bei yenu na muiandike. Bei ya harusi, bei ya mkutano, bei ya taasisi. Mtu akisema ni ghali, mwonyesheni hesabu ya siku 40.

4. Wekeni fungu la kutengeneza vifaa. Ngoma ni kama jembe, huisha.

5. Mfundisheni kijana mmoja kila mwaka kupiga ngoma. Mzee wetu hatakuwepo siku zote.

Ndugu msomaji, sijasema maigizo yataongeza mavuno yako. Mbegu bora, maji na palizi ya wakati ndivyo vinavyoongeza mavuno. Lakini kuna mambo yanayokula mavuno yako ambayo mimi na daftari langu hatuwezi kuyaona, na wewe huwezi kuyasema mbele ya jirani ukiwa umesimama kwa jina lako. Kikundi cha kijiji ndicho kinachoweza kuyatoa nje. Kikifa, tutarudi kwenye mikutano yangu ya kimya na swali la mbolea ya ruzuku.

Mavuno yakikaribia, kikundi kinaandaa igizo kuhusu kuuza mpunga ukiwa shambani. Wamechagua wenyewe, mimi sikuwaambia. Ukisikia ngoma jioni, njoo na mwenzi wako wa nyumbani, mkae pamoja. Na uje na chochote mfukoni.

Somo la kukausha mpunga tutaendelea nalo safari ijayo. Kazi njema shambani.