Bega la Kuume na Kalenda ya Ukutani

Haya yamenipata nyumbani mwangu, na sidhani kama ni mimi peke yangu.

Binti yangu (ni mtoto wa marehemu dada yangu, nami nimemlea hapa Mbinga tangu mdogo) alianza kulalamikia bega la kuume mwaka 2021. Nikadhani ni jembe, maana tulikuwa tukilima ngoro, na ngoro humchosha hata mwanamume. Nikamkanda kwa maji ya moto, likapoa. Mwezi uliofuata likarudi. Baadaye akaanza kukohoa, na siku moja akatema damu. Siku hiyo tulikuwa kwa ndugu zetu Mbamba Bay, tunaanika dagaa. Nani asingefikiri kifua kikuu? Makohozi yakapimwa, vijidudu havikuonekana. Hata hivyo alipewa vidonge vya miezi sita, naye akavimeza vyote bila kukosa hata siku moja. Bega halikujali. Majirani nao wakaanza kumtengea kikombe.

Mwezi wa pili mwaka 2023 alikosa pumzi usiku. Tukamfikisha hospitali kwa pikipiki, tumembana katikati asianguke. Picha ya eksirei ikaonyesha hewa imeingia kati ya pafu la kuume na ukuta wa kifua, pafu limenywea. Wakampitishia mpira kati ya mbavu, hewa ikawa inatoka na kububujika katika chupa ya maji. Kisha bwana mganga, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akaniuliza: "Mama, siku zake za mwezi zilianza lini?" Niliona haya, na kwa kweli nilikasirika. Pafu na hedhi wapi na wapi? Lakini binti mwenyewe akajibu, "Jana."

Kumbe kalenda yetu ya ukutani alikuwa akiitia alama. Tulipoileta, kila bega lilipouma, alama ya hedhi ilikuwa pale pale, au siku moja mbili kando.

Ndipo nikaelezwa. Nyama iliyo mfano wa ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake. Ugonjwa huo huitwa endometriosisi, na kama mwanamke mmoja katika kumi wa umri wa kuzaa anao. Kwa kawaida hukaa nyongani. Kwa wachache hufika kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mara nyingi upande wa kuume, juu ya ini, na hata kifuani penyewe; nayo huvimba na kutoa damu kila mwezi. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hutoka shingoni, ndiyo sababu uchungu husikika begani. Waganga waliandika habari za pafu la namna hii tangu 1958. Picha zaweza zisionyeshe kitu. Mara nyingi hakika hupatikana kwa kamera ya upasuaji.

Kwanza alipewa dawa ya kuzuia hedhi isije kabisa, ile ile ambayo wengine huchoma kupanga uzazi. Mtoto hajaolewa! Nilibisha siku mbili nzima. Akaniambia, "Mama, unaogopa maneno ya watu au unaogopa pafu langu?" Nikanyamaza, akachomwa.

Mwezi wa sita mwaka 2024 alinionyesha katika simu habari za Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya, ambaye mapafu yake yalinywea mara nyingi kwa ugonjwa huu huu. Mwaka 2018 alikuwa Atlanta, Marekani, akipasuliwa huko, na baada ya kurudi aliwafundisha wengine bila kuona haya. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni. Binti yangu alilia kama amefiwa na ndugu, nami nikaketi naye.

Sasa pafu halijanywea tena, ila bega humuuma mara moja moja. Tumeambiwa upasuaji wa kiwambo wataka daktari wa wanawake na daktari wa kifua pamoja, na hapa kwetu hawapo. Kahawa ya mwaka huu nimeitenga kwa safari ya Dar es Salaam. Kalenda tutaichukua.